Karatasi Iliyokunjwa Mara Nne

Wazee wangu, ndugu zangu, assalamu alaykum. Hili nimelisema Wete, nimelisema Mkoani, na leo nalisema hapa Chake: altrasaundi ya tumbo haiwezi kukwambia kuwa huna saratani ya tezi dume.

Alinijia mzee mmoja, mchumaji karafuu tangu ujana wake. Kiuno kinamuuma, usiku halali, kila jioni anasingwa mafuta. Nikamuuliza habari za mkojo. Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, wino umeanza kufutika: tezi imekua kidogo, hakuna uvimbe. "Huko nishapimwa, daktari, nilitoka safi." Miaka miwili kaitunza kama hati ya shamba! Tulipompima damu, PSA, yaani protini inayotoka kwenye tezi dume, ilikuwa juu mno, na skani ikaonyesha saratani imeshaingia uti wa mgongo. Mashine haikusema uongo. Iliulizwa ukubwa wa tezi na mkojo unaobaki kibofuni, ikajibu hayo. Aliyempa karatasi ndiye aliyepaswa kumweleza kipimo kile kinaishia wapi, wala hakumweleza. Linaniuma mpaka leo.

Mtu ataniambia: je, ile altrasaundi ya njia ya nyuma? Hiyo huisogelea tezi na kuongoza sindano ya kuchukua vinyama, lakini saratani nyingi haizioni, kwa hiyo sindano huchoma kwa kubahatisha. Mwaka 2017 Waingereza walitoa majibu ya utafiti wa wanaume 576. Katika kila 100 wenye saratani ya hatari, mashine ya picha ya MRI iliwagundua 93. Sindano ya altrasaundi, 48. Hawafiki nusu! Na anayeogopa mionzi ajue MRI ni sumaku, mionzi haina. Lakini MRI hutuonyesha pa kuchoma tu. Anayekata shauri ni kinyama chini ya hadubini.

Imeenea wapi? Hilo suala jengine. CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, huzitazama tezi za limfu, vijitezi vya kinga mwilini, kwa ukubwa wake, kwa hiyo ni jarife: papa hunasa, dagaa hupita. Skani ya mifupa huona mfupa unaojijenga upya, haiioni saratani yenyewe. Aliyeanguka mkarafuu msimu uliopita, ubavu wake uliovunjika utawaka vilevile.

Ipo na skani nyengine, PET ya PSMA; niipitie mbio. Dawa yake yenye mionzi hujishika kwenye PSMA, protini iliyo juu ya seli nyingi za saratani hii, popote zilipo mwilini. Katika utafiti wa Australia, mwaka 2020, kwa wanaume 302, usahihi wake ulikuwa asilimia 92. CT na skani ya mifupa kwa pamoja, 65. Msiniulize kwa nini tusiletewe dawa kwa boti. Ile ya galiamu, mionzi yake hupungua nusu kila dakika 68. Mpaka boti ya Dar ifunge gati Malindi ya Unguja, kilichobaki hakifiki nusu.

Nilitaka kusema na habari ya PSA, lakini alasiri hiyo inaingia. Tukishasali nitakaa pale mezani. Mwenye karatasi yake ya kipimo, hata kama ni ya mwaka juzi, aje nayo tuisome pamoja.