Kutunza ngozi umri unaposonga: fuatana nami hatua kwa hatua

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tunashughulikia ngozi iliyoanza kuzeeka: ile inayowasha baada ya kuoga, inayopauka miguuni hata ukiipaka mafuta asubuhi, inayochubuka kwa kugusa tu ukingo wa meza. Kama ni yako, fuatana nami. Kama ni ya mama, baba au bibi unayemtunza nyumbani, fuatana nami pia, maana mengi utakayoyaona hapa utamfanyia kwa mikono yako.

Weka karibu vitu hivi: sabuni laini isiyo na manukato, taulo laini, krimu nzito ya mwili, kopo la mafuta ya mgando, losheni ya kukinga jua, na kioo kidogo cha mkononi. Vinatosha. Kipo kimoja cha hiari, nacho nitakitaja tukifika usiku.

Kabla hatujaanza, nyoosha mkono. Finya ngozi ya nyuma ya kiganja, kisha uiachie. Ya kijana hurudi papo hapo. Ya mtu mzima husimama kidogo ndipo ishuke. Ndani ya ngozi mna nyuzi za kolajeni zinazoipa uimara, na nyuzi za elastini zinazoivuta irudi mahali pake. Tangu ujana kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka, na kwa wanawake kasi hiyo hupanda sana miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Tezi za mafuta nazo hupunguza kazi, na tabaka la juu, ambalo kwa kijana hujibadilisha kila baada ya wiki 4 hivi, huanza kuchelewa. Unabaki na ngozi nyembamba, kavu, inayopona polepole. Kwa hiyo kila hatua ya leo tutaifanya kwa upole. Ngozi ya namna hii haisuguliwi ili ing'ae. Inalindwa isipoteze kile ilichobaki nacho.

Hatua ya kwanza ni kuoga. Maji yawe ya uvuguvugu. Najua maji ya moto yanaburudisha, hasa mwili ukiwa na maumivu, lakini yanaondoka na mafuta yale machache yaliyobaki juu ya ngozi. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Sasa angalia ninavyotumia sabuni: kwapani, sehemu za siri kwa nje, miguuni, na mikononi. Mgongo, mapaja na mikono ya juu, kama haina uchafu wa kuonekana, naipitishia maji tu. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, na sabuni za kawaida za kipande zina alikali nyingi. Ukizipaka mwili mzima kila siku, ile asidi inavurugika na ukavu unaongezeka. Dodoki gumu liweke kando. Jiwe la kusugulia lishuke kisiginoni, lisipande juu ya hapo.

Kujikausha: usifute kwa kuvuta. Bonyeza taulo kwenye ngozi, iachie, sogea mbele, bonyeza tena. Katikati ya vidole vya miguu kausha kabisa, kwa sababu unyevu ukibaki pale fangasi huingia. Sehemu nyingine zote ziache na unyevunyevu.

Na hapa ndipo hatua ya pili inapoanzia, tena haraka. Ukitoka bafuni, ndani ya dakika 3 hivi uwe umeshapaka. Wengi wanasubiri ngozi ikauke kabisa, wanavaa, ndipo wanakumbuka mafuta. Krimu haileti maji mengi yenyewe. Kazi yake kubwa ni kuyazuia maji yaliyopo yasitoke. Ukipaka kwenye ngozi kavu umefungia ukavu.

Tazama mkono wangu. Nachota krimu, naigawa kwenye viganja viwili, kisha naishusha kufuata vinyweleo vilivyolala: kutoka begani kwenda kwenye kiwiko, kutoka gotini kwenda kwenye kifundo. Sisugui kwenda na kurudi, maana kusugua hivyo huziba na kuwasha vijitundu vya vinyweleo. Kwenye mundi, yaani mbele ya mguu chini ya goti, rudia mara ya pili. Ndiko ukavu huanza kwa watu wengi, ngozi ikajikunja kama magamba na kuwasha usiku. Ukichagua krimu, soma kibandiko utafute gliserini au seramidi. Kwa visigino vilivyopasuka tafuta yenye yurea. Mafuta ya mgando yaje mwisho kabisa, tabaka jembamba juu ya krimu, kwenye mundi, viwiko na visigino. Ni bidhaa ya bei ndogo, watu huidharau, lakini katika kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi ni vichache vinavyoifikia. Kwa anayevuta oksijeni kwa mashine au bomba, usimpake mafuta ya mgando puani wala karibu nayo. Na nyayo zikipakwa, mvalishe soksi kabla hajasimama. Mtu mzima akiteleza, madhara yake ni makubwa kuliko ukavu.

Ikiwa ngozi ya uso ina mafuta, tumia losheni nyepesi usoni na krimu nzito mwilini. Hakuna ubaya kuwa na mbili.

Hatua ya tatu ni jua, na hapa nitakaa kidogo. Sehemu kubwa ya tunachokiita uzee wa uso, yaani makunyanzi, madoa, ngozi kuwa nene na ngumu, ni kazi ya mwanga wa jua uliokusanyika miaka na miaka. Ushahidi unao mwilini mwako. Linganisha ngozi ya nyuma ya mkono na ngozi ya ndani ya mkono wa juu, karibu na kwapa. Zina umri uleule. Moja imeishi juani, nyingine kivulini.

Mwenye ngozi nyeusi ataniambia ana melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, ya kutosha. Ni kweli inamlinda, tena inamlinda vizuri, ndiyo maana makunyanzi humfikia kwa kuchelewa. Lakini haimlindi kabisa, na kwake jua hujionyesha kwa njia nyingine: madoa meusi mashavuni, uso wenye rangi mbili, alama za chunusi zisizofutika. Basi, kila asubuhi, paka losheni ya kukinga jua yenye SPF, yaani kipimo cha kinga kilichoandikwa kwenye chupa, ya 30 au zaidi. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, na SPF 50 asilimia 98. Tofauti ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwenye kiasi unachopaka. Nyoosha kidole cha shahada na cha kati, kamulia losheni mstari mmoja juu ya kila kidole kutoka shinani hadi nchani. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Ukipaka kiduchu, ile namba ya kwenye chupa haikuhusu tena.

Usisahau masikio, kisogo kama nywele zimepungua, kifua cha juu na migongo ya mikono. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa 2. Hakikisha chupa imeandikwa kwamba inazuia pia miale ya UVA, ile inayoingia ndani zaidi na kupita hata kwenye kioo cha dirisha. Kama losheni inakuacha na weupe usoni, chukua yenye rangi inayokaribiana na ngozi yako. Rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, ambazo huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa, kwa hiyo unapata faida mbili. Kofia pana na mikono mirefu vifanye kazi pamoja na losheni.

Sasa usiku, na kile kitu cha hiari: retinoli. Hii ni jamii ya vitamini A, na ni miongoni mwa dawa chache za kupaka zilizothibitika kupunguza makunyanzi madogo. Anza na kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku 2 kwa wiki, juu ya ngozi iliyokauka, kisha krimu yako. Ngozi ikizoea, ongeza usiku mmoja. Ikiwasha au kubambuka, punguza. Mjamzito au anayetafuta mimba asiitumie. Matokeo huonekana baada ya miezi, kwa hiyo asiyeweza kusubiri aache tu asitumie.

Maji ya kunywa na usingizi ni muhimu kwa mwili mzima, ila glasi za ziada haziwezi kuchukua nafasi ya krimu. Sigara huminya mishipa midogo ya damu na kuharibu kolajeni. Kuiacha kunaisaidia ngozi katika umri wowote.

Kuna vitu nakuomba uviondoe nyumbani leo. Krimu za kujichubua, na mkorogo wa kuchanganyiwa usioandikwa kilichomo. Baadhi yake huwa na zebaki, nayo hudhuru figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekwa ili kuidhibiti, vipodozi vikiwemo. Krimu za steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, zikipakwa muda mrefu bila daktari hufanya ngozi iwe nyembamba zaidi, na ya mzee tayari ni nyembamba. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ikitumiwa kwa miaka huweza kuacha mabaka ya buluu na nyeusi ambayo kuyatoa ni vigumu mno. Kama umezitumia muda mrefu, nenda kwa daktari wa ngozi akuongoze namna ya kuziacha, kwa kuwa kukatisha steroidi ghafla kunaweza kuleta muwasho mkali.

Hatua ya mwisho hufanywa mara moja kwa mwezi: kukagua. Simama penye mwanga, chukua kile kioo kidogo. Tazama mgongo, nyuma ya masikio, viganja, nyayo, na kucha moja moja. Unatafuta doa lisilofanana pande zake, lenye kingo zisizo sawa, lenye rangi zaidi ya moja, linalozidi milimita 6, au linalobadilika. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa kiingie humo pia. Kwa wenye ngozi nyeusi, melanoma, saratani hatari ya ngozi, hupenda kujificha nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Bob Marley aligundulika nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977. Ilienea mwilini, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Mstari mweusi mpya kwenye ukucha, hasa ukipanuka, mwonyeshe daktari.

Mwenye kisukari akague miguu kila siku, si kila mwezi, kwa sababu anaweza kujeruhiwa bila kuhisi.

Na kwa unayemtunza mtu asiyeweza kuinuka kitandani: mkague kila siku kwenye visigino, nyonga, mkiani mwa uti wa mgongo na mabega. Ukiona wekundu, au kwa ngozi nyeusi sehemu iliyokolea rangi, iliyo ya moto au ngumu kuliko jirani yake, bonyeza kwa kidole. Isipobadilika rangi, hicho ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Usipakande. Mgeuze alalie upande mwingine, weka mto chini ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro, na umjulishe mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Kumgeuza kila baada ya saa 2 hivi ni kazi nzito, hasa usiku. Gawaneni zamu nyumbani, na muiandike ukutani.