Uraia wa Daftarini: Slovenia Ndani ya Yugoslavia na Baada Yake

Ndugu wasikilizaji, historia ya Slovenia naomba tuipitie kwa kufungua daftari moja tu, lile la uraia.

Yugoslavia, shirikisho lililoongozwa na Tito, ilikuwa na jamhuri 6. Slovenia ilikuwa na watu wasiofika hata kumi kwa mia, ila ndiyo iliyokuwa na kipato cha juu kuliko zote, na viwanda vyake vilivuta vibarua kutoka Bosnia, Kroatia na Serbia. Mbosnia aliyehamia Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, alibaki bado ndani ya nchi yake, Yugoslavia: alijiandikisha ukaazi, akaanza kazi.

Hata hivyo, kila raia alikuwa na uraia wa aina mbili, wa shirikisho na wa jamhuri. Pasipoti ilifuata ule wa kwanza. Huu wa pili uliandikwa daftarini, na kwa kuwa haki za kila siku zilitokana na ukaazi, wengi hawakujua wameandikwa jamhuri ipi. Mtego ulikuwa hapo.

Katika kura ya maoni ya 23 Desemba 1990, uhuru ulihitaji zaidi ya nusu ya wapiga kura wote walioandikishwa, si ya waliojitokeza tu. Ukapata asilimia 88.5. Wakaazi waliotoka jamhuri nyingine nao walipiga kura. Uhuru ukatangazwa 25 Juni 1991, na kifungu cha 40 cha sheria ya uraia kikawapa wakaazi hao miezi 6 ya kuomba uraia. Watu zaidi ya 170,000 waliomba, na wengi wao walikubaliwa.

Waliobaki? Wapo waliodhani ukaazi unatosha, wapo walioshindwa kupata vyeti kutoka kwenye maeneo ya vita vilivyozuka Yugoslavia ilipovunjika, wapo walionyimwa. Tarehe 26 Februari 1992 majina yao yaliondolewa kwenye daftari la wakaazi wa kudumu, bila hata barua. Wizara ya mambo ya ndani baadaye ilihesabu watu 25,671. Mtu alikwenda kubadilisha hati, karani akakitoboa kitambulisho chake mbele yake. Kazi, matibabu, pensheni, vyote vikayumba. Wengine walifukuzwa nchini. Huu ulikuwa uonevu, tena wa kalamu.

Mahakama ya Katiba iliukataa utaratibu huo mwaka 1999, na tena 2003. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ikaihukumu Slovenia mwaka 2012. Sheria ya fidia ya 2013 iliweka euro 50 kwa kila mwezi ambao mtu aliishi akiwa amefutwa.