Mwalimu Aliingiaje Chuo Kikuu? Sifa za Udahili Tangu Enzi za Makerere

Kamwene! Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanachuo wa mwaka wa kwanza mliojaa hadi kwenye korido, asanteni kwa kunikaribisha Iringa.

Nimeombwa nizungumzie sifa za kujiunga na chuo kikuu kwa wanaosomea ualimu, zilivyokuwa zamani na zilivyobadilika. Najua wengi mmekuja na swali moja: pointi ngapi? Tutafika huko. Ila kuna swali la pili ambalo nchi yetu imelisahau mara kwa mara, nalo ndilo lililonileta: huyu tuliyemwingiza, akishaingia, tumemwandalia nini?

Tuanzie Makerere. Kabla ya 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana aliyetaka elimu ya juu alivuka kwenda Uganda, kama alivyofanya Julius Nyerere mwaka 1943 alipotoka Tabora. Alirudi 1945 na stashahada ya ualimu. Stashahada, ndugu zangu, si shahada. Makerere wenyewe walikuwa bado hawajaanza kutoa shahada. Aliifundishia pale Tabora kwa miaka kadhaa, ndipo akaenda Edinburgh. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaowatazama wenye stashahada kama watu waliokosa njia. Mtu tunayemwita Mwalimu mpaka leo alianzia hapo hapo.

Chuo chetu kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, na kilianza na sheria tu. Ualimu uliingia baadaye katika muongo uleule, chuo kilipokwisha kuhamia Mlimani. Sifa ya kuingia ilikuwa ile ya Afrika Mashariki yote: cheti cha juu cha sekondari, mtihani wa Cambridge, prinsipo mbili, yaani ufaulu kamili katika masomo mawili ya kidato cha sita. Mezani ilionekana sifa ya haki, kwa kuwa karatasi ni ileile kwa kila mtu. Lakini shule zenye kidato cha tano na cha sita zilikuwa za kuhesabu. Hapa Iringa mlikuwa na sekondari ya Mkwawa. Mtoto wa Makete au wa Ileje alitakiwa kwanza aipate nafasi hiyo, tena mbali na kwao, kabla hata ya kuifikiria Cambridge. Kwa hiyo mchujo mkubwa ulikuwa umeshafanyika kabla hajakaa kwenye chumba cha mtihani.

Sasa nisimame kidogo mwaka 1974, maana hapa pana jambo zito. Novemba mwaka huo TANU ilikutana Musoma ikapitisha azimio lililobadilisha udahili wote. Kutoka kidato cha sita kwenda chuo kikuu moja kwa moja kukakoma. Kijana alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwanza, wengi wa huku mnaikumbuka kambi ya Mafinga, kisha akafanya kazi, kwa kawaida miaka miwili. Alipoomba chuo, matokeo yake ya mtihani hayakutosha. Mwajiri alitakiwa aandike kwamba huyu anafaa, na tawi la chama nalo liandike.

Watu wa rika langu wamegawanyika sana juu ya azimio hilo. Mimi nasema wazi kwamba sehemu yake moja ilikuwa mbaya, na nyingine ilikuwa na hekima ambayo tumeitupa. Mbaya ni ile ya kumpa katibu wa tawi kalamu ya kuamua hatima ya kijana. Mtu akikosana na katibu kwa jambo la kijijini, chuo kimepotea. Tena mpango wenyewe uliwapunguza wasichana kwa haraka, kwa sababu miaka mitatu nje ya shule kwa binti wa wakati ule ilimaanisha ndoa na watoto. Serikali iliona, na haikupita miaka mingi wasichana wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja. Masomo ya sayansi nayo yakalegezewa. Mwishowe, katika miaka ya 1980, utaratibu wote ukaachwa.

Na hekima yake? Ni lile swali kwamba umeshawahi kufanya kazi na watu, na wao wanasemaje juu yako. Kwa mhasibu swali hilo labda linaweza kusubiri. Kwa mtu anayekwenda kukabidhiwa watoto 60 asubuhi moja, halisubiri. Leo tunamchagua mwalimu kwa alama za mtihani peke yake, na mara ya kwanza anapokutana na darasa ni kwenye mazoezi ya kufundisha, BTP, akiwa amekwisha kutumia mwaka mzima wa mkopo. Wapo wanaogundua siku hiyo kwamba hawawapendi watoto. Siulaumu ujana wao. Nalaumu utaratibu ambao haukuwauliza mapema.

Azimio hilohilo la Musoma ndilo lililotuletea UPE, elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo 1977. Walimu wangetoka wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Kwa miaka mitatu walifundisha huku wakisoma, kwa masomo ya posta na ya redio, wakisimamiwa katika kata zao. Wamechekwa sana walimu wa UPE, na wengi waliowacheka walifundishwa a-e-i-o-u na haohao. Sifa yao ya kuingia ilikuwa ya chini kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Hata hivyo waliwekewa ngazi: kutoka Daraja C kupanda hadi B na A kwa kozi na mitihani, na waliojiendeleza kwa sekondari ya jioni wakafika stashahada. Wengine walipofika miaka 25 na zaidi wakafanya mtihani wa watu wazima wa kuingilia chuo kikuu, bila kidato cha sita. Kilipokuja Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, walisomea shahada bila kuacha vituo vyao vya kazi. Wamo humu ndani baadhi yao, na baadhi ya waliowafundisha ninyi wahadhiri ni wao.

Nataka mliweke hilo pembeni tukiingia karne hii.

Mpango wa sekondari ulipoanza 2004, kila kata ikawa inajenga shule. Majengo yakasimama, walimu hamna. Serikali ikafanya mambo mawili. La kwanza mnalikalia: Mkwawa na Chang'ombe, vilivyokuwa vyuo vya ualimu, vikafanywa vyuo vikuu vishiriki vya Dar es Salaam mwaka 2005, ili walimu wenye shahada waongezeke upesi. La pili, wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni, wakapelekwa darasani. Watu wakawaita vodafasta, kama vocha ya simu inayoingizwa upesi. Jina lile liliwaumiza vijana waliokwenda pale nchi ilipowaita. Waliopata nafasi ya kurudi chuoni baadaye wakawa walimu kamili.

Sasa pointi. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. Kwa mwalimu masomo hayo mawili yawe ya kufundishia. Somo la maarifa ya jumla, Jenerali Stadi, halikusaidii hapo. Lakini pointi 4 za mwaka mmoja si za mwaka mwingine. Waliomaliza kidato cha sita kabla ya 2014, D ilikuwa na pointi 2, kwa hiyo D mbili zilitosha. Waliomaliza 2014 na 2015 walikutwa na mfumo wenye B+, ambamo C ndiyo ilikuwa na pointi 2 na D pointi 1, ikabidi mtu awe na C mbili. Tangu 2016 tumerudi kwenye D mbili. Mzazi mwenye watoto wawili waliopishana mwaka mmoja, wote wana D mbili, alimwona mmoja akienda chuo na mwingine akibaki nyumbani. Mweleze mzazi huyo kwamba ni kiwango kilekile.

Miaka hiyohiyo, mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kupokea wahitimu wa kidato cha nne kusomea stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA. Upungufu wa walimu wa fizikia ulikuwa wa kweli. Nendeni sekondari za Ludewa mkaulize. Mei 2016, baada ya mgogoro wa wahadhiri, wanafunzi zaidi ya 7,000 waliambiwa waondoke, na mjadala ukageuka kuwa wa sifa zao. Waliitwa vilaza hadharani. Baadhi walihamishiwa vyuo vya ualimu, wengine wakaishia njiani. Linganisheni na wale wa UPE. Vijana wa Dodoma waliingia na elimu kubwa zaidi kuliko wa darasa la saba, na sifa walizoingia nazo hawakujiwekea wao. Walichokosa ni nchi iliyokusudia kuwafikisha mwisho.

Kwa walimu wa stashahada mlio hapa: njia yenu ipo. Inatakiwa wastani wa B kwenye stashahada ya ualimu, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne kuanzia D. Mwenye miaka 25 asiye na vyeti hivyo anaweza kuomba kupimwa kwa utambuzi wa ujuzi alioupata awali, ulioshika nafasi ya ule mtihani wa watu wazima. Msiogope kuuliza ofisi za udahili, na msikubali kujibiwa kwa mkato.

Kwa vyuo vyetu vya nyanda za juu, Iringa hadi Mbeya, nina ombi moja. Tengeni nafasi kila mwaka kwa mwalimu aliye kazini, hasa wa shule za mbali na lami, na barua ya mkuu wake wa shule na ya kamati ya shule zisomwe pamoja na matokeo yake. Maofisa elimu nao wampe ruhusa ya masomo bila kumzungusha.

Nimemaliza. Naona mkono kule nyuma, karibu mwalimu.