Mafuta Yanayoiamuru Seli

Mabibi na mabwana,

Aliyewahi kuacha supu ya kongoro ilale usiku kucha ameona mafuta yalivyoganda juu ya sufuria, na wengi wetu hapa Dar es Salaam huamini kwamba mishipa ya moyo huziba vivyo hivyo. Sivyo. Kolesteroli hupenya ndani ya ukuta wa mshipa, ambako humezwa na seli za kinga ziitwazo makrofaji, nazo zikishalemewa hunasa palepale na kuchochea uvimbe.

Hata hivyo, makrofaji zina namna ya kujitetea. Ndani ya kiini cha seli mna protini ziitwazo vipokezi vya kiini, ambazo zikishikana na molekuli zitokanazo na mafuta huwasha au kuzima jeni kwenye DNA. Kipokezi cha LXR, kikikutana na kolesteroli iliyooksidishwa, huamsha jeni ya ABCA1, inayounda mlango wa kuitolea kolesteroli nje ya seli. Mafuta, basi, ni mzigo na ni ujumbe pia. Moyo wenyewe, unaopata zaidi ya nusu ya nishati yake kutoka kwenye asidi za mafuta, hukitegemea kipokezi cha PPAR-alfa, ndugu wa LXR, kuongoza uchomaji wa mafuta hayo.

Hapo ndipo watengenezaji wa dawa walipopata matumaini, na hapohapo wakajikwaa, kwa sababu kipokezi kimoja hufanya kazi tofauti katika viungo tofauti. LXR ileile inayozipunguzia makrofaji mzigo huliamuru ini litengeneze trigliseridi, yaani mafuta ya kawaida yanayosafiri katika damu. Dawa za kisukari zinazoamsha PPAR-gama, kipokezi kingine cha ukoo huo, hushusha sukari, lakini huufanya mwili uzuie chumvi na maji, miguu ikavimba na moyo dhaifu ukaelemewa. Mojawapo, rosiglitazone, ilisimamishwa Ulaya mwaka 2010 kwa hofu ya madhara ya moyo.

Kisa kinachonifikirisha zaidi ni cha pemafibrate, dawa inayoamsha PPAR-alfa. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari zaidi ya 10,000, na matokeo ya 2022 yalionyesha trigliseridi zikishuka kwa takriban robo, ilhali mishtuko ya moyo na viharusi havikupungua. Kumbe chembe zinazosafirisha mafuta hayo hazikuwa zimepungua. Ni sawa na daladala za Barabara ya Morogoro kushusha abiria, foleni ikabaki ileile. Na zinazopenya ukuta wa mshipa ni chembe zenyewe.