Kikohozi Baada ya Upasuaji wa Pafu: Kabla Hujanunua Dawa ya Maji

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Sitapoteza muda kueleza upasuaji wa pafu hufanywaje. Wengi wenu mmeupitia, na waliobaki mnamuuguza aliyeupitia. Naingia kwenye jambo ambalo nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: chupa ya dawa ya kikohozi ilipaswa kuwa kitu cha mwisho, nasi tumeifanya ya kwanza. Mgonjwa anarudi nyumbani, usiku anakohoa, jamaa wanahangaika, asubuhi chupa iko kando ya kitanda. Katika watu wote waliohangaika, hakuna hata mmoja aliyemuuliza: je, ukikohoa kinatoka kitu au hakitoki?

Swali hilo ndilo linaloamua kila kitu, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Kikohozi cha siku na wiki za mwanzo kwa kawaida kina kazi. Mgonjwa alipewa dawa za usingizi, akapitishiwa mrija kooni, na huenda damu kidogo ilivujia kwenye njia za hewa. Vinyweleo vinavyosukuma makohozi kwenda juu vimelegea. Juu ya hayo kifua kinauma, kwa hiyo anapumua juu juu, na vifuko vya hewa vya sehemu ya chini ya pafu vinasinyaa. Makohozi yanatuama humo, vijidudu vinazaliana, na nimonia inaingia. Sasa wewe unakuja na dawa yenye kodeini, ile ya kuzima kikohozi, kumnyamazisha! Umemfungia uchafu ndani. Kodeini hiyohiyo inafunga choo, na mtu mwenye kifua kilichoshonwa juzi hatakiwi kujikamua chooni.

Najua mtakachoniambia, maana naambiwa kila mara: "Lakini nikikohoa mshono utafumuka." Hapana. Daktari wa upasuaji anajua kabisa kwamba utakohoa, na ameshona akilijua hilo: mbavu zimevutwa pamoja kwa uzi imara, misuli imeshonwa tabaka kwa tabaka, kisha ngozi. Unachokisikia ni maumivu ya mbavu na ya mishipa ya fahamu inayopita katikati yake. Maumivu hayo ni ya kweli na yanatibika. Kuogopa kukohoa ndiko kunakomrudisha mtu wodini.

Basi tuanze na maumivu. Dawa ya maumivu imezwe nusu saa hadi dakika 45 kabla ya zoezi la kukohoa nitakalolieleza sasa hivi, isisubiriwe mpaka mtu aanze kulia. Kwa mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi na ini lenye afya, parasetamoli ni miligramu 1,000, yaani vidonge viwili vya 500, kila baada ya saa 6, na isizidi gramu 4 kwa saa 24. Soma na maboksi mengine: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na hapo ndipo watu wanapozidisha bila kujua. Kama umeandikiwa dawa kali zaidi, fuata ratiba ile.

Kisha kaa kwenye kiti, nyayo zote sakafuni, mwili umeinama mbele kidogo. Usikohoe ukiwa umelala chali. Misuli ya tumbo haifanyi kazi yake vizuri ukiwa hivyo. Chukua taulo lililokunjwa likawa gumu, au mto mdogo usiobonyea, uubane kwenye mshono. Kiganja cha mkono wa upande mzima, yaani usiopasuliwa, kikandamize taulo, na kiwiko cha upande uliopasuliwa kibane mbavu kwa pembeni. Mto laini haufai. Unabonyea, mbavu zinaruka, mgonjwa anapiga yowe, na tangu hapo hataki tena kusikia habari ya kukohoa.

Anza kwa kupumua kawaida, mabega yamelegea. Halafu vuta pumzi ndefu kwa pua mara 3 au 4, kila moja uishike hadi sekunde 3, kisha iachie bila kuisukuma. Ile kuishika ndiyo inayoipa hewa nafasi ya kupenya nyuma ya makohozi. Pumzika tena kwa pumzi za kawaida. Sasa inakuja hatua ambayo watu wanairuka, nami naishikilia kuliko zote: kabla ya kukohoa, sukuma hewa nje ukiwa na mdomo wazi na koo wazi, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo ili akifute. Nguvu itoke tumboni. Ya kwanza ifanye kwa pumzi ya kiasi, na iwe ndefu; hiyo inasogeza makohozi yaliyo chini. Yakishafika juu, na utayasikia yakikwaruza, vuta pumzi kubwa na usukume kwa kifupi. Ndipo ukohoe, mara moja au mbili tu. Tema, tazama rangi, pumzika, rudia. Mizunguko miwili ikipita bila kitu kutoka, acha.

Wapi panaharibika? Wengi wanakohoa kwa koo, kikohozi kifupi kikavu mara kumi mfululizo, wanachoka na hakuna kilichotoka. Wengine wanasukuma kwa nguvu kupita kiasi mpaka kifua kinapiga mluzi: njia ndogo za hewa zimejifunga kwa shinikizo, na makohozi yamebaki nyuma yake. Ukisikia mluzi huo, punguza nguvu na urefushe pumzi. Wengine hawanywi maji, wakati makohozi mazito hayasogei kwa zoezi lolote. Kunywa kwa kadiri daktari alivyokuruhusu. Na wanaovujwa na mkojo wakikohoa, jambo linalosumbua akina mama wengi nao wanaona haya kulisema, wakaze misuli ya nyonga, ile ya kuzuia mkojo, sekunde moja kabla ya kukohoa na waishike mpaka kikohozi kipite. Linasaidia kweli.

Siku za mwanzo, kila saa unapokuwa macho, vuta pumzi ndefu kama kumi, na utembee. Kutembea ni dawa ya pafu. Sitalirefusha hili.

Tuje kwenye kikohozi cha pili. Wiki zimepita. Makohozi yamekwisha, homa hakuna, picha ya eksirei haina tatizo, lakini mtu akiongea anakohoa, akicheka anakohoa, akilala au akivuta hewa baridi anakohoa, kikavu, cha kuwasha. Hiki hakina kazi yoyote. Tafiti zilizowafuatilia waliopasuliwa zimekikuta kwa robo hadi nusu yao, kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako, wala usiamue mwenyewe kwamba saratani imerudi. Mara nyingi tezi za limfu zilizotolewa wakati wa upasuaji zilikuwa pale bomba la hewa linapogawanyika, na jirani kabisa hupita matawi ya mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ambao ndio unaoamsha kikohozi. Umeguswa, umebaki mwepesi wa kushtuka. Tena palipotolewa sehemu ya juu ya pafu, iliyobaki hupanda kujaza nafasi, na bomba lake linaweza kupinda. Kwa wengi hali hii hupungua miezi inavyokwenda.

Kwa kikohozi hiki mwelekeo unageuka: hapa ndipo unapokizuia. Kila kikohozi kikavu kinakwaruza koo na kuamsha kinachofuata. Kwa hiyo ukisikia mwasho tu, kabla haujakushinda, funga mdomo, meza mate au fundo dogo la maji, zuia pumzi kwa sekunde chache, kisha pumua polepole kwa pua, pumzi ndogo ndogo, mpaka mwasho upite. Ukishindwa mara ya kwanza, jaribu tena kwa mwasho unaofuata. Ni zoezi, linahitaji siku. Kijiko cha asali au peremende ya kunyonya vinatuliza koo. Na mtu asiniambie habari ya kuinamia sufuria la maji yanayochemka: watu wanaungua. Mvuke wa bafuni unatosha.

Ikiwa bado kikohozi kinakunyima usingizi, sasa ndiyo, zungumza na daktari kuhusu dawa. Zipo za kutuliza kikohozi na zipo za kutuliza mishipa ya fahamu, ila aandike yeye.

Naona naonyeshwa saa, basi yaliyobaki nayapitia mbio. Asidi ya tumbo: baada ya upasuaji kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, kinaweza kukaa vibaya na asidi ikapanda umioni, yaani njia ya chakula, ikaamsha kikohozi. Usile ndani ya saa 3 kabla ya kulala, na inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka vipande vya mbao chini ya miguu yake. Kurundika mito kunakunja tumbo tu. Dawa za presha: tazama boksi. Jina likiishia na "pril", kama enalapril, lisinopril au captopril, dawa hiyo yenyewe inaweza kuleta kikohozi kikavu. Usiiache mwenyewe; mwambie daktari akubadilishie, na kikohozi huchukua wiki kadhaa kupotea. Sauti iliyokwaruza pamoja na kupaliwa na maji: huenda mshipa unaoendesha nyuzi za sauti umeguswa, waambie wakupime. Moshi wa sigara nilitaka kuupa nafasi yake. Niseme tu usivute, wala asivute mtu chumbani kwako.

La mwisho silipitii mbio, hata nikizimiwa kipaza sauti. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu mbichi kwenye makohozi, makohozi yaliyogeuka kijani au yenye harufu mbaya, pumzi inayozidi kuwa fupi, maumivu mapya ya kifua, mguu mmoja uliovimba, au ngozi ya kifua au shingo inayolia krr krr ukiibonyeza. Na ukianza ghafla kukohoa majimaji mengi, mepesi, pengine yenye chumvi au rangi ya kutu, zaidi ukilalia upande mzima, huenda pale bomba la hewa liliposhonwa pamefunguka na maji ya kifuani yanamwagikia pafu lililobaki. Kaa wima. Ukishindwa kukaa, lalia upande uliopasuliwa, usilalie ule mzima, na usafirishwe hivyohivyo bila kusubiri asubuhi. Karatasi uliyopewa ulipotoka wodini iwe mkononi, na mapokezi waambiwe kwanza kwamba umepasuliwa pafu, ni lini, na ni la upande gani.