Kijiji cha Mjini Hupigiwa Hodi
(Mhadhara kwa vijana wanaojifunza kuongoza wageni, Tanga)

Assalaam alaikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie vivutio vya Tanga. Mapango ya Amboni mnayajua, maji ya moto ya Galanos mnayajua, na njia ya kumfikisha mgeni huko mnaijua kuliko mimi. Kwa hiyo hayo nayaacha. Nimekuja na neno lile lile ambalo baadhi yenu mmelisikia kwangu mara nyingi, na nitalirudia kwa sababu bado halijatendwa: mgeni akija Tanga apelekwe vijijini, na vijiji vyenyewe vimo humu humu mjini.

Sasa hivi tulipokuwa tunakunywa chai kijana mmoja kaniuliza, "Mwalimu, mjini kijiji kinatoka wapi?" Hakitoki popote, mwanangu. Kilikuwepo, jiji ndilo lililokifuata. Tangu 2005 tunaitwa jiji, na ndani ya mipaka ya jiji hilo wamo watu wa Tongoni na wa Chongoleani ambao alfajiri hii hii wamesukuma ngalawa majini. Hao ni wakazi wa jiji kama aliyelala mtaa wa Raskazone.

Lakini nianze na Ngamiani, mitaa yetu ya mjini, kwa maana hapo ndipo watu wananibishia. Wanasema Ngamiani si kijiji hata kidogo: barabara zimenyooka, zimepewa namba, Barabara ya 1, ya 2, ya 3, unahesabu mpaka unapita ishirini. Zilichorwa kwa rula enzi za ukoloni. Ni kweli. Ila ukoloni huo huo ulipeleka watu kwenye mashamba ya mkonge, ukawapa namba nao pia, ndipo wakaitwa manamba. Je, wale wazee walikuwa namba? Walikuwa na majina, na ngoma zao, na ndugu waliowaacha mbali. Basi na barabara ni hivyo hivyo. Namba imeandikwa juu, chini yake kuna watu.

Nitawapa kisa, na aliyekwisha kukisikia anivumilie.

Mwaka 2022 nchi nzima tulibandikiwa vibao vya anwani za makazi. Muda si mrefu baada ya hapo nilikuwa nimeketi barazani, barabara mojawapo za kati, baada ya alasiri. Wazee watano, bao linachezwa, muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake. Ikaja bodaboda. Akashuka kijana nadhifu, mkoba begani, simu mkononi, akasimama mbele yetu akauliza, "Namba arobaini na mbili ni ipi?"

Mzee wa pembeni akamjibu, "Waalaikum salaam."

Kijana akadhani hakusikika, akapaza sauti. "Nauliza, namba arobaini na mbili!"

"Waalaikum salaam," mzee akarudia, macho yako kwenye kete.

Mara ya tatu kijana akanyamaza, akaitia simu mfukoni, akasema, "Shikamooni wazee wangu." Tukaitikia marahaba sote kwa pamoja, nafasi ikapatikana mkekani, kikombe cha kahawa kikamfika mkononi na kipande cha kashata juu yake. Akasema ana haraka, anamtafuta bibi yake, shangazi wa baba yake, hajawahi kumwona. Akaulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" Akataja baba, hakujulikana. Akamtaja babu, kwamba alikuwa akifanya kazi reli. Hapo mzee mmoja akaiacha kete hewani. Babu huyo ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli!

Sasa sikilizeni. Kibao kilikuwa sahihi. Namba arobaini na mbili ilikuwa pale pale simu ilipoonyesha, nyumba ya nne kutoka tulipokaa. Lakini bibi hakuwepo. Tangu miguu ilipoanza kumsumbua alihamia kwa binti yake, barabara ya pili yake. Kibao kingemfikisha kijana kwenye mlango wenye kufuli. Baraza lilijua bibi yuko wapi, anaumwa nini, na kwamba saa ile ameamka. Mtoto mmoja akaitwa, akamshika mgeni mkono, wakakatiza uani kwa watu, hodi hapa, hodi pale, mpaka mlangoni.

Hicho ndicho ninachokiita kijiji. Makuti si lazima. Kijiji ni mahali ambapo ukiuliza nyumba unajibiwa mtu.

Najua kuna atakayesema napinga vibao. Sipingi. Gari la wagonjwa linavihitaji, zimamoto wanavihitaji, na mimi mwenyewe changu nakipangusa vumbi. Ninachopinga ni kumfundisha mwongoza wageni asome kibao asimwone mzee aliyekaa chini yake. Kuna mwingine atasema, "Mwalimu anataka tubaki nyuma, tuchote maji kisimani." Hapana. Bati liezekwe, umeme uvutwe, bomba lifike jikoni. Nataka vitu viwili tu visiguswe: baraza na ujia.

Baraza linakufa namna hii. Mtu anavunja nyumba ya zamani anajenga mpya, na badala ya kibaraza kinachotazama njia anainua ukuta na geti mpaka ukingoni mwa barabara. Hajavunja sheria. Lakini wazee watano wamekosa pa kukaa, muuza kahawa hana pa kusimama, na mgeni anayefuata ataukuta ukuta. Ujia nao ni hivyo. Mtaani kwangu palikuwa na kichochoro cha kushukia pwani, upana wake wanawake wawili wenye ndoo kupishana. Kimezibwa. Kina mama wanaokwenda kuokota chaza maji yakitoka sasa wanazunguka kwa barabara ya magari, na watoto nyuma yao. Nililalamika ofisini, nikaambiwa kwenye ramani njia hiyo haipo. Miaka yote hiyo miguu imepita pale, na haipo!

Wenzetu wa mbali nao yamewafika. Montmartre ilikuwa kijiji cha kilimani nje ya Paris, ikaingizwa mjini mwaka 1860. Wenyewe walipoona majengo yanapanda kilima, mwaka 1933 wakapanda mizabibu kwenye kiwanja kilichobaki ili kisijengwe. Mizabibu ipo mpaka leo, na wakati wa mavuno mtaa mzima unafanya sherehe. Huko New York, mwaka 1811 ilichorwa ramani ya mitaa iliyonyooka yenye namba, kama Ngamiani yetu. Greenwich Village, sehemu ya mji huo, ilikuwa tayari imejipinda kwa njia zake za zamani, ikaachwa vile vile, na leo hapo Mtaa wa 4 unakutana na Mtaa wa 10. Watu wanapanda ndege kwenda kupotea kwenye mitaa hiyo. Sisi mitaa yetu ya kupotea humo tunayo, kisha tunaziba vichochoro.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema mengi juu ya Tongoni, niseme machache. Watu hupelekwa kwenye magofu, msikiti ule na makaburi ya nguzo, wanaelezwa habari za Vasco da Gama ambaye jahazi lake moja lilipanda mwamba maeneo hayo mwaka 1498, wanapigwa picha, wanarudishwa garini. Kijiji kilicho hai kiko hatua chache, hakuna aliyewapeleka! Anzeni kwa walio hai, wao wenyewe watawapeleka kwa wafu wao. Machui pia, alikozikwa Shaaban Robert, msifike kaburini kabla hamjapita nyumbani kwa watu.

Na Chongoleani. Huko ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Kijiji cha wavuvi kimekuwa mwisho wa bomba refu namna hiyo. Silaumu bomba. Nawaomba mwende sasa, mjifunze majina ya njia zake, ya miti yake, ya kila mahali ngalawa zinapopandishwa, kwa wazee wanaoyajua. Ninayo daftari ya majina ya Ngamiani. Ya Chongoleani sina, na magoti yangu hayanipeleki tena mbali hivyo.

Wanaotaka kuanza, kesho saa kumi na mbili alfajiri tukutane soko la samaki la Deep Sea, kabla mnada haujapamba moto. Njooni na kandambili, mtakanyaga matope. Simu ziacheni nyumbani. Kila mmoja aje na salaam yake, na senti kidogo ya vitumbua, kwani mama anayevipika pale akimaliza sinia la kwanza ndipo huanza kuzungumza.