Pua Inayowasha na Vidole Vinavyokakamaa

Wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Kabla sijapanda hapa mbele nimepewa kikaratasi chenye swali: "Nina aleji ya pua tangu utotoni, na sasa vidole vinaniuma asubuhi. Je, aleji imeshuka kwenye viungo?"

Haishuki. Lakini aliyeuliza ameuliza jambo la maana sana, na mazungumzo yangu yote leo ni jibu lake.

Majina yenyewe yametupoteza. Ugonjwa huu wa viungo tunauita baridi yabisi, na mafua ya aleji nayo tunayasingizia baridi. Basi mwenye vyote viwili huamini kapigwa na ubaridi mmoja, akajifunika blanketi na kungoja. Maradhi haya mawili hayaletwi na baridi. Yote mawili ni kinga ya mwili iliyokosea adui.

Kwenye pua, adui anayedhaniwa hutoka nje: chavua ya maua, vumbi, manyoya ya paka. Mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini ya kumtambua adui, iitwayo IgE, nayo hujibandika kwenye seli za masti, seli za kinga zilizo ndani ya utando wa pua. Chavua ikirudi, seli hizo humwaga histamini, kemikali inayowasha na kuvimbisha, na ndani ya dakika chache utaona chafya mfululizo, makamasi mepesi kama maji, macho mekundu. Kwenye baridi yabisi adui anayedhaniwa ni mwili wenyewe. Kinga huvamia utando laini unaozunguka kiungo, utando unavimba na kuwa mnene, kisha polepole unakula gegedu na mfupa.

Mwaka 1986 watafiti Mosmann na Coffman walionyesha, kwa seli za panya, kwamba seli T saidizi, zile zinazoongoza seli nyingine za kinga, ziko za aina mbili, na baadaye ikaonekana kwamba kila aina huibana mwenzake. Wataalamu wakaona mizani: aina moja ikiendesha mzio, yaani aleji, upande huu, nyingine ikiendesha baridi yabisi upande ule. Ikafuata hoja kwamba mwenye mzio amekingwa na baridi yabisi. Hoja nzuri, ila haikusimama. Tafiti zilizohesabu wagonjwa zimegongana: nyingine zilikuta wenye mzio wanaugua viungo kidogo zaidi, nyingine hazikuona tofauti, nyingine zikakuta wanaugua zaidi. Tena ikagunduliwa aina ya tatu ya seli hizo, Th17, na mizani ya sahani mbili ikakosa maana.

Binafsi navutiwa zaidi na mambo mawili. Seli za masti, zile zile za pua, zimo pia kwenye utando wa viungo, na kwa mwenye baridi yabisi huwa nyingi kuliko kawaida. La pili, kingamwili za ugonjwa huu huweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla kiungo hakijauma, na wengi wanashuku kwamba huanzia kwenye fizi na mapafu, hasa kwa mvutaji sigara. Pua ni mlango wa njia hiyo hiyo. Ni shaka yenye msingi, bado si ushahidi. Tukizisoma zile tafiti zilizogongana, tukumbuke pia kwamba mwenye mzio huonana na daktari mara nyingi, hivyo maradhi yake mengine hugunduliwa mapema.

Kinachoniuma ni mtu anayemeza vidonge vya aleji miezi na miezi akitumaini vitatuliza vidole. Havitatuliza. Vidonge hivyo huzuia histamini tu, na uharibifu wa kiungo hauendeshwi nayo. Baridi yabisi ina dawa zake, methotreksati ikiwa ya mbele, na ikianzishwa mapema mfupa huokolewa. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi.

Sasa kila mmoja anyooshe mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia, shikeni vifundo vinne pale vidole vinapoungana na kiganja, mvibane pamoja kwa upole kutoka pembeni, kama mnaposalimiana kwa nguvu kidogo. Kama panauma, na mkono wa pili vilevile, na asubuhi vidole hukaa vimekakamaa nusu saa au zaidi kabla hujaweza kufunga kifungo cha shati, na hali hii imezidi wiki sita, usiingoje aleji ipite. Nenda ukapimwe damu kwa ajili ya viungo. Aliyeandika kikaratasi, tafadhali nisubiri hapo mlangoni tukimaliza, nikuangalie mikono.